Sauti Iliyopotea Katikati

Mtaani walimwita Stereo, na jina hilo hakuliokota njiani, alilipigania. Alipoanza alikuwa fundi redio tu, mwenye kibanda, meza na pasi ya kulehemu, akifungua redio za watu na kuzifunga huku anaongea tangu skrubu ya kwanza mpaka ya mwisho. Mteja aliyekuja na redio isiyoshika stesheni yoyote aliondoka na redio inayoshika mbili, na moyoni ameshaamini kwamba zile nyingine hazikuwa na lolote la maana. Mdomo ndio uliokuwa mtaji wake wa kwanza. Kompyuta, maiki, spika kubwa za kushoto na kulia, hata chumba chenyewe nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki, vyote vilikuja baadaye, na kila kimoja alikipata kwa kubishana na mwenye nacho mpaka mwenye nacho akachoka.

Kuta za chumba hicho alizifunika kwa magodoro yaliyochakaa na sponji za makochi ya watu waliohama. Feni haikuruhusiwa kuzunguka wakati wa kurekodi, kwa hiyo waimbaji walitoka mle wameloa kama waliomwagiwa ndoo. Katikati kulikuwa na kiti cha kuzunguka, na sakafuni kilichorewa duara la rangi nyekundu ili mtu asikisogeze. Kiti hicho kilikuwa na kazi yake. Spika zilikitazama kutoka pande zote mbili, sawasawa na masikio ya aliyekaa. Mwimbaji akimaliza, Stereo humwambia, "Karibu hapa, mkubwa. Kaa. Funga macho." Kisha hubonyeza.

Na biashara ilifungwa hapo hapo. Maana sauti ya mtu inaingia kwa maiki moja, na inakaa kwenye kompyuta kama mkondo mmoja tu, mono, uzi ulionyooka katikati. Watu hawaupendi uzi. Wanasema nyimbo za watu wengine ni pana, mbona yangu nyembamba? Stereo alikuwa na dawa ya wembamba. Aliinakili sauti ile, nakala moja akaisukuma kushoto na nyingine kulia, halafu ile ya kulia akaipindua: wimbi la kushoto likipanda, la kulia linashuka. Juu yake alimwaga mwangwi wa ukumbi mkubwa, mwangwi wa stereo, kushoto wake na kulia wake. Aliyekaa kitini alisikia sauti yake imetoka spikani, imemzunguka, imekaa mpaka nyuma ya kisogo.

"Huyu ni mimi?" wengi waliuliza.

"Ni wewe. Ulikuwa umejificha."

Walalamikaji hawakukosekana. Mwenye baa mmoja alirudi siku moja jasho linamtiririka. Kwake alikuwa na spika moja, kubwa, juu ya kaunta.

"Fundi, ule wimbo ukipigwa pale kwangu, mwimbaji haonekani. Ngoma nasikia, kinanda nasikia, mtu hayupo."

"Una spika ngapi?"

"Moja. Lakini ni jitu!"

"Moja!" Stereo akawageukia watu waliokuwa wakisubiri zamu. "Jamani, mzee amenunua suruali ya suti, akavaa mguu mmoja, halafu anamfuata fundi cherehani kumwambia upande mmoja unaingia baridi."

Chumba kizima kilicheka, na mwenye baa mwenyewe akacheka, kwa sababu ni vigumu kukasirika huku umecheka. Alipofika mlangoni alikuwa ameshakubali kwamba kosa ni lake na anahitaji spika ya pili.

Stereo hakuwa mjinga. Alijua fika kilichotokea kule baa. Spika moja inachukua kushoto na kulia na kuvichanganya vitoke pamoja, na wimbi linalopanda likikutana na pacha wake anayeshuka, vinamezana vyote viwili. Kinachobaki ni mwangwi. Redio zote alizofungua ujanani zilikuwa na spika moja moja. Mambo hayo aliyajua kabla hajaota ndevu. Lakini wenye hedifoni na wenye magari walikuwa wengi, wenye spika moja walikuwa wachache, na katika hao wachache hakuna hata mmoja aliyemshinda kwa maneno.

Alikuwa na tabia nyingine, nayo ya kibiashara. Hakubakiza sauti mbichi. Wimbo ukishapikwa na mteja akaridhika kitini, alihifadhi biti, yaani ala zenyewe, upande wake na sauti iliyopikwa upande wake, akaifuta ile mbichi kama ilivyotoka kwenye maiki. Ukimwachia mteja sauti mbichi, alisema, anaipeleka kwa jirani akapikiwe kwa bei ya kutupa, na wewe unabaki kunusa. Aliyetaka kubadilisha chochote alirudi kwake. Hakuwa na pa kwenda.

Mtu mmoja tu katika mji mzima aliweza kumwambia Stereo nyamaza, naye akanyamaza. Huyo alikuwa dada yake.

Alikuwa mkubwa wake kwa umri wa kutosha kumbeba mgongoni, na ndiye aliyembeba. Mama yao alipofariki, dada aliacha shule akaingia kazini stesheni ya treni, kwanza kufagia, baadaye kukata tiketi, mpaka akawekwa kwenye kichumba cha kioo juu ya jukwaa, mbele ya maiki ya chuma, kutangaza. Akazeekea hapo. Sauti yake ilitoka kwenye vipaza vya bati vyenye midomo kama ya tarumbeta, vilivyofungwa kwenye nguzo, na haikuwa sauti ya kubembeleza. Ilikuwa sauti ya mtu anayejua kwamba treni inaondoka na wewe umesimama unachagua maji ya kunywa. "Abiria wa mashariki, njia ya pili. Njia ya pili, sio ya tatu. Wewe mwenye begi la bluu, hiyo ni ya tatu." Watu walicheka huku wanakimbia.

Kubembeleza kulikuwa kwa mtoto wake peke yake. Binti huyo alilelewa chini ya meza ya kichumba kile, ndani ya boksi la karatasi lililotandikwa kanga, na kati ya treni moja na nyingine mama yake alizima maiki, akainama, akamwimbia wimbo alioutunga mwenyewe:

*Behewa la kwanza limebeba unga,*
*behewa la pili limebeba chumvi,*
*behewa la mwisho limebeba usingizi,*
*lisimamishe, mwanangu, ulipande.*

Mabehewa yaliongezeka au kupungua kulingana na ukaidi wa mtoto.

Ugonjwa ulianza kama kukwaruza. Walilaumu vumbi, wakalaumu maji ya baridi, wakailaumu mpaka maiki ya stesheni, ambayo kweli ilikuwa mbovu. Alipofika hospitali hatimaye, daktari alimweleza bila kuzunguka: uvimbe umekaa kwenye kisanduku cha sauti kooni, na ili yeye atoke salama, kisanduku hakina budi kutoka. Atapumua kwa tundu shingoni. Baadaye, kwa mazoezi, huenda akajifunza namna nyingine ya kusema.

"Namna nyingine," dada alisema. "Yaani si hii."

"Si hii, mama."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa treni imefutwa, akauliza lini. Binti yake, aliyekuwa mjamzito wa mtoto wa kwanza, ndiye aliyelia kwenye korido. Alipomaliza kulia alisema kitu kimoja anachokitaka. Alitaka ule wimbo. Alitaka mwanawe alale kwa wimbo huo kama yeye alivyolala, na kwa sauti ile ile.

Kwa hiyo walikuja studio, mama na binti, asubuhi moja kabla ya siku ya kulazwa. Dada alikuwa amejifunga kitambaa shingoni japokuwa hakukuwa na baridi. Alizitazama kuta.

"Haya magodoro unayafua?"

"Dada, hayafuliwi. Yanameza kelele."

"Yamemeza na mengine." Akavuta kiti, si kile cha duara, akakaa. "Nipe maiki, niimbe, uniwekee. Sitaki makeke." Kila neno lilianza kwa kukwaruza, kisha likanyooka.

"Niachie mimi. Nitakupa sauti ambayo..."

"Sauti ninayo. Sijaja kununua, nimekuja kuiweka."

"Ikikaa hivi hivi itakuwa nyembamba, dada. Mono. Itatoka tundu moja."

"Miaka yote pale stesheni imetoka tundu moja, na aliyekosa treni aliikosa kwa uzembe wake."

Binti akapiga kofi. "Mjomba, leo umepatikana!"

Stereo akainua mikono juu kama aliyekamatwa, akaenda kuwasha maiki. Mpiga gitaa, mtu wa makamo anayecheza kwenye harusi na aliyekuja kwa kuombwa tu, alikaa pembeni, gitaa limechomekwa kwenye kompyuta kwa waya wake, akampigia taratibu. Dada aliimba huku amefumba macho, mkono mmoja umeshika meza, na kidole kikigonga ubao mwanzo wa kila behewa. Mara ya kwanza kikohozi kilimkatiza. Mara ya pili alifika mwisho. Alipofika mwisho hakuomba kusikia. Alikunywa maji, akasema, "Hapo imo," akaondoka na binti yake kwenda kununua kandambili za hospitali.

Mpiga gitaa alikuwa akifungua nyuzi. "Hiyo usiiguse," alisema. "Iko sawa."

"Iko uchi," Stereo akajibu.

Hakukusudia kumdharau dada yake. Ukweli ni kinyume chake. Alikuwa na namna moja tu ya kumheshimu mtu, nayo ni kumpa ile bidhaa anayowauzia wengine, tena iliyo bora kuliko yao. Kumpa sauti isiyopikwa kulikuwa kwake sawa na kumkaribisha mgeni mkubwa kwenye kiti chenye vumbi. Basi akanakili, akasukuma kushoto, akasukuma kulia, akapindua. Akachagua ukumbi mpana kuliko wowote aliowahi kumpa mteja. Akaongeza ngoma ya chini kwa chini ili gitaa lisiwe pweke. Kisha akaenda akakaa yeye mwenyewe ndani ya duara jekundu, akafumba macho, na dada yake akajaa chumba kizima, mbele na nyuma, kama zamani yeye Stereo alipokuwa mtoto mgongoni na sauti ile ikimfikia kwa kupitia mgongo. Hakulia. Alikuwa na mteja mwingine mchana. Aliutuma wimbo kwenye simu ya mpwa wake, akahifadhi biti, akahifadhi sauti iliyopikwa, na kidole chake, kwa mazoea, kikaifuta ile mbichi.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Hayo ndiyo maneno ya daktari, na hayakuwa uongo. Saa ya kutazama wagonjwa ilipofika, siku ambayo dada aliruhusiwa kukaa kitako, Stereo aliingia wodini na machungwa mkononi na vichekesho tayari mdomoni. Dada alikuwa ameegemea mito, bandeji imezunguka shingo, na chini yake kile kitundu kinachopumua kwa mlio mdogo kama wa tairi linalopungua upepo. Alikuwa amekonda. Macho yalikuwa yale yale. Alimnyooshea kidole kwenye kiti: kaa.

"Tulikusubiri wewe, mjomba," mpwa alisema. "Nilimwambia mama tusiusikilize mpaka uwepo."

"Ehee! Weka basi. Weka watu wasikie nyota."

Mpwa akaiegemeza simu kwenye kikombe juu ya kimeza cha chuma. Ilikuwa simu ya kawaida, ya watu wa kawaida, yenye tundu moja la sauti kwa nyuma. Gitaa likaanza. Ngoma ikaingia. Na pale ambapo dada alipaswa kuingia, hakuingia mtu. Kulikuwa na kitu kwa mbali, ukungu fulani wa sauti, kama mtu anayeimba ndani ya jumba kubwa ambalo mlango wake umefungwa na funguo zimepotea. Gitaa lilimsindikiza mtu asiyekuwepo. Behewa la kwanza likapita, la pili likapita.

Mpwa aliiinua simu, akaitikisa, akairudisha. "Mjomba, mama yuko wapi?"

Stereo alijua tangu noti ya kwanza.  Lakini mdomo, kwa mazoea yake, ulikuwa umeshatangulia.

"Hiyo simu, hiyo! Simu hizi zinadanganya. Wimbo wenyewe ni wa stereo, sasa kitu cha stereo ukikipitisha kwenye tundu moja ni sawa na suruali ya suti ukavaa mguu..."

Hakuna aliyecheka. Alimtazama dada yake, akingoja amwambie nyamaza, na hapo ndipo alipoelewa kwamba hatamwambia tena. Sentensi ikamfia mdomoni.

Maishani mwake alikuwa amebishana na wenye maduka, wenye nyumba, maofisa na walevi, na wote walikuwa na kitu kimoja alichokitegemea: walijibu. Mtu akikujibu amekupa pa kushika. Huyu aliyekuwa mbele yake hakuwa na jibu, na kwa hiyo hakuwa na pa kushikwa. Alimtazama tu.

"Hedifoni," Stereo akasema kwa sauti ya chini. "Mvalisheni hedifoni, atasikia."

Nesi alikuwa nazo, zile nyembamba za kuziba masikioni. Dada alizivaa. Uso wake ukabadilika, aliisikia sauti yake. Alisikiliza kidogo, akageuza kichwa kushoto, akakigeuza kulia, kama anayetafuta mtu aliyemwita. Kisha akazivua, akachukua simu ya binti yake na kuandika polepole kwa kidole gumba. Akamgeuzia kaka yake kioo asome.

*Mtoto mchanga atavaa hizi?*

Stereo alisoma, akasoma tena. Kwenye biashara, hiyo ndiyo hoja inayomaliza mazungumzo. Hoja za namna hiyo alikuwa akizitumia mwenyewe. Aliweka machungwa kimezani.

"Nitarekebisha," alisema.

Mchana ule aliufunga mlango wa studio na kuwarudisha wateja. Alifungua kompyuta akaitafuta sauti mbichi huku akijua haipo, kama mtu anavyopapasa mfuko ule ule mara ya tatu. Haikuwepo. Ilikuwepo iliyopikwa. Basi akaanza kuipikua. Akaua upande wote wa kulia, ule uliopinduliwa, akaacha wa kushoto peke yake, akauleta katikati. Akaleta redio ya zamani ya mteja aliyesahau kuifuata, yenye spika moja iliyochanika, akaunganisha waya, akabonyeza.

Dada yake akatoka redioni. Alikuwa mzima, kila neno mahali pake, kidole chake kikigonga meza mwanzo wa kila behewa.

Lakini alikuwa bado ndani ya ule ukumbi. Sauti inaweza kurudishwa katikati. Mwangwi ukishachanganywa nayo humo hautoki, kama vile maji hayatoki kwenye maziwa. Kila mwisho wa mstari ulivuta mkia mrefu ukapotea kwenye dari ambalo dada hakuwahi kusimama chini yake. Stereo alijaribu programu za kusafisha alizokuwa nazo. Zilipunguza mkia, zikatafuna na mwili: *behewa* likawa *ewa*, *chumvi* ikawa pumzi tu. Akaongeza, akapunguza, akaanza upya. Kufikia jua linapoelekea kuzama alikuwa na sauti mbili mkononi, moja nzima yenye ukumbi, nyingine isiyo na ukumbi lakini yenye mapengo kama ya mtoto anayeng'oka meno. Akaifuta ile ya mapengo.

Njiani kwenda hospitali siku iliyofuata, maneno yalimjia yenyewe, yamepangika vizuri. *Dada, mwangwi nimekuachia makusudi. Watoto wanalala haraka wakisikia mwangwi, wataalamu wamesema. Na sasa hivi ndio mtindo.* Yalikuwa maneno mazuri. Yangeuzika. Alipopanda ngazi za wodi bado alikuwa nayo, na mlangoni alikuwa nayo. Alipomwona dada yake amekaa kitako, mikono juu ya shuka, akimngoja kama alivyokuwa akimngoja zamani aeleze kwa nini amerudi na shati limechanika, akayaacha.

"Weka," mpwa alisema.

Aliweka simu yake mwenyewe kwenye kimeza, bila hedifoni wala maneno. Gitaa, ngoma, halafu sauti ya dada. Mpwa alijishika mdomo. Dada alisikiliza mpaka mwisho bila kusogea. Kile kitundu kilipumua haraka kidogo, kikatulia. Wimbo ulipoisha aliinua kidole kuelekea dari, akachora duara kubwa hewani, akamwinulia kaka yake nyusi. Hiki nini?

"Ni ukumbi," Stereo alisema. "Niliuweka mimi."

Dada akafanya kama anafuta kitu kwa kiganja.

"Hautoki, dada. Nilifuta sauti mbichi. Ile uliyoimba siku ile, kama ulivyoimba, haipo tena. Nimeipoteza. Hii ndiyo iliyobaki."

 Mpwa aliangalia sakafu. Ilikuwa mara ya kwanza watu wote hao wawili kumsikia akitaja hasara bila kuipunguzia chochote, na yeye mwenyewe ilimshangaza jinsi ilivyokuwa fupi.  Macho ya dada yalijaa, hilo halifichiki, na hakuyafuta; aliyaacha yamalize yenyewe. Kisha akaichukua simu akaandika, safari hii haraka, kama aliyeshapima kilichopo na kisichopo na sasa anataka kazi iendelee.

*Ukumbi ukibaki, toa gitaa. Toa na ngoma.*

"Itakuwa tupu, dada."

*Mtoto hajui gitaa.*

"Hata kidogo, chini kwa chini?"

Dada akatikisa kichwa. Akaandika tena, akamsukumia simu kifuani.

*Nikiwa peke yangu watajua ni mimi.*

Stereo alitafuta nafasi ya kubishana, si kwa nia mbaya, ni mwili wake tu ulivyozoea, na hakuipata. Dada alikuwa amesema kweli. Gitaa ndani ya ukumbi ni tamasha. Mtu mmoja ndani ya ukumbi, bila kitu kingine, ni mtu tu aliyeingia mahali pakubwa, na sikio linamfuata yeye. Yeye aliyekaa miaka yote ndani ya duara jekundu hakuliona hilo; aliyekaa kwenye kichumba cha kioo, mbele ya jukwaa lenye kelele zote za dunia, aliliona mara moja.

Kwenye simu yake alikuwa na sauti peke yake, aliyoitenga jana kwa ajili ya kuipima. Akaitafuta.  Akaiweka kimezani.

Haikuanza na kitu chochote. Kulikuwa na kidole kikigonga ubao, pumzi, mkwaruzo mdogo, kisha behewa la kwanza likaja limebeba unga. Kila mstari ulipoisha, dari lile la kuazima liliushika kidogo, likauachia. Mpwa alikuwa ameweka kiganja tumboni. Nesi aliyekuwa akipita na dawa alipunguza mwendo.

Kwenye kitanda cha pili, mama mmoja aliyefungwa plasta ngumu mguuni aliinua kichwa kutoka kwenye mto.

"Nani huyo anayeimba?" aliuliza.

Stereo alivuta pumzi ya kujibu. Jibu alikuwa nalo, refu, lenye stesheni ndani yake na kichumba cha kioo, lenye kila kitu. Akaifunga midomo yake.

Dada alijigusa kifuani, chini kidogo ya bandeji.

"Wewe?"

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akanyoosha mkono kwenye kimeza na kuiongeza simu sauti.